Neno Charity na Thamani Yake

Mtu aliyejifunza Kiingereza shuleni, akiifungua ile Biblia ya Kiingereza iliyopigwa chapa mwaka 1611 kwa amri ya Mfalme James, na kuitafuta sura ya 13 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, atakuta jambo la kumshangaza. Sura hiyo twaijua sote. Husomwa arusini, husomwa mazikoni, na wengi wetu twaikumbuka kwa moyo. Katika Kiswahili jambo linalosifiwa humo ni upendo. Lakini katika Kiingereza cha 1611 halikuandikwa neno love, ambalo ndilo neno la upendo alilofundishwa mwanafunzi tangu miaka yake ya kwanza, bali limeandikwa charity. Naye akiliuliza neno hilo kwa kamusi, ataambiwa kwamba ni msaada wa maskini, au chama cha kutoa misaada. Basi akiirudia sura na maana hiyo mkononi, atakwama katika aya ya tatu. Maana pale Mtume Paulo anena kwamba mtu aweza kuwagawia maskini mali zake zote asibakize kitu, na hali ameikosa hiyo charity, na kazi yake yote isimfae. Je, mtu aliyewapa maskini kila alicho nacho atawezaje kukosa kuwapa maskini? Ama Paulo amejipinga, ama mfasiri amekosea, ama neno lenyewe limegeuka.

Swali hili tumeulizwa na walimu wenzetu mara zaidi ya moja, na hukumu yetu twaitoa mapema. Paulo hakujipinga. Mfasiri, twaona, alikosea kidogo. Lakini neno ndilo lililogeuka zaidi, na habari ya kugeuka kwake yafaa kujulikana na kila asomaye Maandiko kwa lugha yo yote, kwa kuwa maneno yetu nayo hayakulala.

Charity si neno la Kiingereza kwa asili. Mama yake ni neno la Kilatini caritas, nalo caritas limetoka katika carus. Carus ni kitu cha bei kubwa. Na tena carus ni mtu umpendaye. Warumi hawakuona ajabu kuyasema mambo haya mawili kwa neno moja, kwa maana kitu kisichopatikana kwa urahisi ndicho mtu hukishika kwa mikono miwili. Wafaransa hata leo husema cher kwa nguo ya bei na cher kwa rafiki, kama wajuavyo ndugu zetu wa Kongo na Burundi wasomao lugha hiyo. Waingereza nao wanalo dear, lenye kubeba maana zote mbili. Na sisi je? Tunalo neno ghali, lakini twalitumia kwa bei tu. Hakuna amwitaye mchumba wake ghali, ila pengine siku ya kuhesabu mahari. Walakini Waarabu, ambao tumelipata kwao neno hilo, humwita mpendwa wao kwa neno lilo hilo. Lilipovuka bahari kuja kwetu lilipakia bei, na moyo likauacha ng'ambo. Neno lililovuka na mzigo wake wote ni azizi: kitu azizi ni kitu adimu, chenye thamani, na azizi ni mpenzi.

Mtu atakaye kuziona maana mbili za caritas zikikaa nyumba moja, na amtazame Cicero, mwanasheria na msemaji mkuu wa Rumi. Mwaka 44 kabla ya Kristo aliandika kitabu juu ya mambo yampasayo mtu mwema, akimwandikia mwanawe aliyekuwa akisoma Athene. Katika sehemu ya kwanza anataja caritas ya mtu kwa wazazi, kwa watoto, kwa jamaa na kwa rafiki, na kuonyesha kwamba hizo zote zimekusanyika katika nchi ya mtu. Hapo neno ni la moyoni. Lakini katika sehemu ya tatu neno lilo hilo limeshuka sokoni. Cicero aweka mfano wa mfanya biashara mmoja, mtu mwema, aliyepakia nafaka Iskanderia na kuipeleka kisiwa cha Rodo wakati wa njaa, na caritas ya nafaka, yaani ughali wake, imefika juu kabisa. Mfanya biashara yule amekwisha kuona njiani merikebu nyingine nyingi zenye nafaka, nazo zaelekea Rodo. Watu wa Rodo hawajui. Je, awaambie, au anyamaze, auze nafaka yake kwa bei ya njaa?

Cicero aleta walimu wawili wabishane juu ya jambo hilo. Mmoja, Diogenes wa Babeli, asema muuzaji apaswa kutaja kasoro za bidhaa yake kwa kadiri ya sheria, lakini hapaswi kumwambia mnunuzi kila ajualo. Kunyamaza si kuficha. Wa pili, Antipater, aliyekuwa mwanafunzi wa yule wa kwanza, hakubali. Auliza mtu awezaje kuwanyima wenzake habari ya chakula kilicho karibu nao, naye amezaliwa ili awafae wenzake. Naye Cicero ahukumu kwamba mfanya biashara hakupaswa kuwaficha watu wa Rodo. Kila mtu aliyenunua debe la mahindi mwezi wa Februari, ghala zikiwa tupu, analijua soko hilo, wala hahitaji kufundishwa Kilatini ili aielewe kesi. Sisi twaona jambo moja ambalo Cicero hakulisema: kwamba caritas ya sehemu ya tatu ya kitabu chake ilimjaribu mtu yule aiache caritas ya sehemu ya kwanza.

Wakristo wa kwanza wa Rumi walisoma Maandiko kwa Kiyunani, na neno la Paulo katika sura ile ni agape. Ilipowapasa kuyafasiri kwa Kilatini walikuwa na neno amor, ambalo ni upendo kwa jumla. Lakini amor lilikuwa limetumiwa mno na washairi kwa tamaa za mwili, nao hawakulipenda kwa kazi hii. Wakashika maneno mawili mengine, dilectio na caritas. Katika Biblia ya Kilatini iitwayo Vulgata, ambayo sehemu kubwa yake ni kazi ya Mtakatifu Yeronimo aliyefariki mwaka 420, sura ya 13 ina caritas tangu aya ya kwanza hata ya mwisho. Na Yohana anenapo kwamba Mungu ni upendo, Kilatini kina caritas vilevile. Hayo ndiyo maneno ambayo Papa Benedikto wa 16 aliyatia kuwa jina la waraka wake wa kwanza, uliotolewa mwaka 2005.

Uchaguzi huo wa wafasiri wa zamani twauona kuwa mwema. Walichukua neno lililonuka bei. Msomaji wa Kirumi aliposikia caritas hakuweza kudhani kwamba anaambiwa habari ya furaha ya kupita tu. Alisikia pia kwamba kitu hiki kina gharama, na kwamba mtu asiye na kitu mbele ya majirani aweza kuwa ghali machoni pa Mungu. Hata Kiyunani chenyewe hakina sauti hiyo katika agape. Ni mara chache tafsiri huongeza kitu chema ambacho asili haikuwa nacho. Hapa tumeona mara moja.

Sasa twende Uingereza. Wanormani walipoishika nchi hiyo mwaka 1066 walikuja na Kifaransa chao, na katika Kifaransa lile neno la Kilatini lilikuwa limezaa watoto wawili. Mmoja, charité, alikwenda kanisani. Wa pili, cherté, alibaki sokoni kuwa ughali wa vitu, na yuko huko hata leo. Yule wa kanisani akaingia katika Kiingereza, na katika karne ya 12 twamwona amekwisha kuandikwa. Mwanzo maana yake ilikuwa pana: kumpenda Mungu na kumpenda jirani kwa ajili ya Mungu. Lakini watu wa kawaida hawakukutana na neno hilo katika vitabu, maana hawakusoma. Walikutana nalo mlangoni pa nyumba za watawa, walikogawiwa mkate. Basi neno likaanza kujifunga katika ule mkate. Wanafunzi wa John Wycliffe walipoifasiri Biblia kwa Kiingereza katika karne ya 14, nao waliifasiri kutoka Kilatini, waliandika charity, nalo halikuwa limeharibika sana.

Aliyelikataa ni William Tyndale. Yeye alifasiri Agano Jipya kutoka Kiyunani, likapigwa chapa katika mji wa Worms, Ujerumani, mwaka 1526, likaingizwa Uingereza kwa siri. Mahali pa charity aliandika love. Mwaka 1529 Thomas More, mwanasheria mwenye elimu na ucheshi, aliyefanywa mwaka huo huo kuwa mkuu wa sheria wa mfalme, aliandika kitabu cha kumshitaki, na charity likawa moja katika maneno aliyolalamikia. Hoja yake si ya kudharauliwa. Alisema love ni neno la kila namna ya kupenda, jema na baya, la Mungu na la anasa. Charity lamaanisha upendo ulio mwema tu. Kwa nini, basi, mtu aondoe neno lililotakaswa na matumizi ya Kanisa, na kuweka neno ambalo hata mlevi hulitumia kwa pombe yake? More alidhani ndani ya badiliko hilo kuna hila ya kupunguza heshima ya matendo mema.

Tyndale alijibu mwaka 1531, na twaona majibu yake ni ya mtu aliyesikiliza watu wakisema njiani. Kwanza, alisema, charity katika vinywa vya Waingereza haina tena maana ya agape. Mtu akisema amekwisha kufanya charity yake leo, maana yake ametoa sadaka. Na akisemwa mwenzake kwamba hana charity, maana yake hana uvumilivu. Watu hulitaja katika maamkizi na baraka, lakini ukiwauliza wamesema nini hawajui. Pili, charity halina kitendo. Hakuna awezaye kuamriwa kwa Kiingereza kum-charity Mungu wala jirani. Ataamriwa kumpenda, na neno la kupenda ni love. Tatu, hayo maneno ya Kiyunani na ya Kilatini yenyewe yalikuwa ya wapagani kabla ya Kristo, nao waliyatumia kwa mambo yao. Utakatifu hauko katika herufi.

More alijibu tena kwa kitabu kikubwa mno, ambacho wachache leo hukisoma hata mwisho. Maneno ya watu hawa wawili yalikuwa makali, yenye matusi ambayo hatutaki kuyaandika hapa, na kila mmoja alimwita mwenzake mtumishi wa shetani. Na neno walilogombania ndilo hilo. More alikatwa kichwa mwaka 1535 kwa kukataa kuapa kwamba Mfalme Henry wa 8 ni mkuu wa Kanisa. Tyndale alisalitiwa na Mwingereza mwenzake huko Antwerp, akanyongwa na mwili wake ukachomwa moto Vilvoorde mwaka 1536. Wote wawili walikufa bila kuikana imani yao. Kanisa Katoliki lilimtangaza More kuwa mtakatifu mwaka 1935. Na Tyndale, sehemu kubwa ya maneno yake imo katika Biblia ile ya 1611, ijapokuwa jina lake halikutiwa.

Imo, lakini si neno hili. Wafasiri wa 1611 walirudi kwa charity katika sura ya 13 na mahali pengine, jumla zaidi ya mara 20. Hapo ndipo tunapowalaumu. Si kwa kuwa walichagua neno la More na kuacha la Tyndale. Mtu aweza kuchagua. Lawama yetu ni kwamba walichagua yote mawili. Agape ya Paulo kwa Warumi waliiandika love. Agape ya Yohana anenapo habari ya Mungu waliiandika love. Kisha kwa Wakorintho wakaandika charity. Msomaji wa Kiingereza asiyejua Kiyunani hawezi kamwe kutambua kwamba jambo lile ambalo Yohana asema ndilo Mungu mwenyewe, ndilo hilo ambalo Paulo asema linavumilia na halina wivu. Uzi umekatwa katikati ya nguo. Twakiri kwamba charity husomeka vizuri kwa sauti, lina mwendo wa taratibu unaofaa mimbarini, na huenda masikio ya wafasiri ndiyo yaliyoamua. Walakini sauti njema si fidia ya kutosha.

Tena walichelewa. Miaka 10 kabla yake, mwaka 1601, Bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha sheria juu ya mali zilizotolewa kwa kazi za charity, na sheria hiyo ilitaja kazi zenyewe: kuwasaidia wazee na wagonjwa walio maskini, kulea yatima, kuwaoza wasichana maskini, kukomboa wafungwa, kutengeneza madaraja, bandari na barabara. Kazi njema zote, na nani atailaumu nchi kwa kuzilinda? Lakini neno lililokwisha kuingia katika sheria pamoja na madaraja ni vigumu kulirudisha moyoni. Tangu hapo charity limekuwa mali ya wanasheria na ya wenye daftari. Mwaka 1853 likawekewa hata ofisi ya serikali ya kuangalia hesabu zake. Waingereza wenyewe wana msemo wa kufananisha kitu cha baridi sana na charity, na aliyewahi kupewa chakula na mtu asiyemtazama usoni ataelewa msemo huo ulikotoka. Basi wafasiri waliotengeneza upya Agano Jipya la Kiingereza mwaka 1881 wakaliondoa, wakarudi kwa love ya Tyndale, miaka 355 baada yake. Tafsiri yao haikupendwa na wote, lakini katika neno hili twawashukuru.

Wasomaji watauliza habari hii yatuhusu nini sisi tusemao Kiswahili. Yatuhusu. Biblia ya Muungano iliyotoka mwaka 1952 ina upendo katika sura ile. Na Wakatoliki katika sala zao za imani, matumaini na mapendo wamezoea mapendo. Maneno haya mawili ni ndugu, na yote yashinda katika kipimo cha Tyndale, kwa kuwa yana kitendo, kupenda, nalo neno hilo mtoto hulijua kabla hajajua kuvaa viatu. Lakini More naye angetuuliza: si nyinyi mnaopenda wali, mkapenda ngoma, na mkampenda Mungu, kwa kitendo kimoja? Ni kweli. Jibu letu ni kwamba Kiswahili kina silaha ambayo Kiingereza hakina, yaani kubadili mwanzo na mwisho wa neno. Mtu hupenda wali, lakini hakuna asemaye upendo wa wali. Kutoka shina moja tuna upendo, mapendo, mapenzi, mpenzi, mpendwa na kipenzi, na kila moja limejichagulia makao yake. Kwa hiyo upendo limeweza kukaa juu kidogo bila kutengana na maisha ya kila siku, jambo ambalo More alilitaka, wala Kiingereza hakikuweza kumpa.

Hata hivyo tusijisifu. Neno mapenzi katika Sala ya Bwana, kama wengi wetu tulivyofundishwa kuisali, lina maana ya yale atakayo Mungu. Leo vijana wakilisikia neno hilo hufikiri mambo ya mvulana na msichana, na mwalimu afundishaye Sala ya Bwana darasani huona wanafunzi wakikonyezana. Neno halikuhama kwa siku moja. Nyimbo na mazungumzo vililichukua kidogo kidogo, nasi tulikuwapo.

Na sadaka je? Neno hili tumelipata kwa Waarabu, na shina lake ni shina la kweli, ndilo lililozaa pia kusadiki. Aliyetoa sadaka alikuwa ameonyesha kwa mkono kwamba moyo wake hausemi uongo. Katika makanisa yetu mengi sasa sadaka ni fedha iingiayo kapuni, nayo hutangazwa baada ya ibada kwa shilingi, na jumuiya fulani kushangiliwa, na nyingine kuinamisha kichwa. Hatusemi fedha isihesabiwe. Hesabu safi ni wajibu. Twasema tu kwamba tumeiona njia hii ilipopita charity, na alama za miguu zafanana mno.

Lile neno la Kilatini lenyewe, kwa upande wake, limetufikia bila kupitia Uingereza. Mwaka 1897 huko Ujerumani, Wakatoliki walianzisha chama cha kusaidia wahitaji na kukiita Caritas, na baadaye vyama vya jina hilo vikaenea katika nchi nyingi, hata katika majimbo ya Tanzania na Kenya. Watu wa vijijini wamelisoma neno hilo katika mlango wa gari, nao husema "Caritas wamekuja," wakidhani pengine ni jina la kabila la Wazungu. Na mahali ambapo mwaka wa njaa lilisomwa penye kugawiwa mahindi, neno lilikuwa limerudi karibu na nafaka, kama lilivyokuwa Rodo. Ila safari hii mwenye nafaka hakuuza.

Waliotuuliza watumie Biblia ipi darasani wajue desturi yetu. Twawasomesha wanafunzi sura ya 13 kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza cha 1881. Ile ya 1611 twaifungua mwisho, na kuwaachia wenyewe waigundue aya ya tatu. Kwa kawaida huwa mwanafunzi mmoja anayenyosha mkono.